Bega la Kushoto

Katika nyumba ya mitindo ya Teillac kila mteja alikuwa na kiwiliwili chake. Kilikuwa cha mbao, kimevikwa pamba na kitambaa, kikajazwa hapa na kupunguzwa pale mpaka kikawa na kifua cha mteja yule, kiuno chake na mgongo wake. Shingoni kilishonewa utepe mweupe wenye jina. Mteja akinenepa tuliongeza pamba. Akikondeshwa na maradhi tuliipunguza bila kusema neno. Akifa, utepe ulifumuliwa na kiwiliwili kikarudishwa stoo kungojea mwili mwingine. Miaka thelathini na minane nilikata nguo katika nyumba ile, ghorofa ya tano, madirisha yakitazama mapaa ya Paris, wala sikuona kiwiliwili kisicho na jina kikivishwa gauni, ila kimoja.

Kiwiliwili hicho nilikijaza mimi.

Ilikuwa Septemba, saa ya chakula cha mchana, wasichana wote wameshuka chini. Bwana Anselme Teillac, mwenye nyumba na mbunifu wake, alipanda ngazi polepole akishika ukuta. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tangu majira ya baridi, na sote tulijifanya hatuioni.

"Soilihi," akasema, "nijazie kiwiliwili."

"Cha nani, bwana?"

"Cha mtu. Unapenda kuuliza wewe. Kifua hivi, kiuno hivi. Na bega la kushoto ulishushe vidole viwili."

Pamba ikanigandia mkononi. Katika nyumba ile mwanamke aliyeshuka bega la kushoto vidole viwili alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mteja. Alikuwa Huguette Lavaud, msimamizi wa karakana yetu, aliyeinama juu ya meza ile tangu ana miaka kumi na saba, mkono wa kushoto ukishikilia kitambaa na wa kulia ukishona, hata mifupa yake ikakubali umbo la kazi.

"Asijue mpaka nimalize," akasema Bwana Anselme. "Niapie."

"Mimi siapi kwa jambo la nguo, bwana. Lakini nimelipokea. Ni amana."

"Afadhali. Amana yako naiamini kuliko kiapo cha wakili wangu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba msichana wa karakana akiolewa, bwana humbunia gauni la harusi na wenzake wote humshonea. Na ilikuwa desturi ya mji mzima wa mafundi kwamba msichana akitimiza miaka ishirini na mitano bila mume, Siku ya Mtakatifu Katerina, mwishoni mwa Novemba, huvishwa kofia ya njano na kijani, wakamcheka, wakamwimbia. Huguette alipofika umri huo alikuwa ameposwa na mpiga chapa wa Lille. Bwana Anselme alimtengenezea kofia kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia mbele ya watu wote, "Mwakani, gauni." Mwakani haikufika. Mpiga chapa alikwenda kwao kumzika baba yake, akaoa huko huko. Huguette akarudi mezani. Tangu hapo alishona magauni ya harusi ya wengine hata akaacha kuyahesabu, na kila mara msichana mpya alipomuuliza kama ameolewa, alijibu akicheka, "Gauni langu liko kwenye foleni, mwanangu. Wateja wangu wana haraka kuliko mimi."

Baada ya miaka mingi hakuna aliyecheka kwa maneno hayo isipokuwa yeye.

Bwana Anselme alifariki tarehe tatu Novemba. Gauni lilikuwa bado la jaribio, la kitambaa cha marekani, mkono mmoja umepigwa bandi, mishono ya muda, na mwingine umeshikwa kwa pini. Jioni ile ile mawakili walifunga chumba chake kwa lakiri. Warithi walikuwa wapwa wawili ambao sikuwahi kuwaona wakivuka mlango wetu. Waliuza jina, michoro, manukato, viti na kila kilichokuwamo kwa kampuni moja kubwa. Lakiri ikavunjwa, na kiwiliwili kikaletwa kwenye ukumbi wa kujaribia nguo, na gauni lake jeupe juu yake, bila jina shingoni.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia Huguette siku ile. Nimejiuliza mwenyewe kwenye mkeka wangu mara nyingi kuliko atakavyoniuliza mtu. Bwana Anselme alitaka asijue mpaka amalize, naye hakumaliza. Basi nilijiona nimefungwa milele. Nililishika neno kwa herufi zake, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mtu wa kushika neno. Nikajiambia pia: gauni limekwisha kuwa mali ya watu, kumwambia ni kumwongezea kilio juu ya kilio. Hivyo ndivyo mtu anavyoipamba hofu yake mpaka ikafanana na uchaji.

Kampuni ilituachia karakana kwa miezi saba, kisha ikamtuma mtu wake, Tanguy.

Tanguy Kerdoncuff alikuwa na miaka thelathini na mitatu, viatu vyeupe, na adabu ambayo sikuitarajia. Alimwita Huguette "Madamu", nami akaniita "mzee". Alhamisi moja ya Juni alituketisha sisi wawili ukumbini, kiwiliwili kikiwa mbele yetu, na picha za matangazo ukutani.

"Tutaliita Gauni la Mwisho," akasema. "Madukani kote, saizi sita, yuro mia tatu na tisini."

"Saizi sita," akarudia Huguette. "Bwana Anselme aliwavisha wanawake mia mbili na zaidi, hakuna wawili waliolingana. Wewe umewapata wa dunia nzima wakaenea kwenye sita. Hongera."

"Madamu, usinicheke."

"Sikucheki, mwanangu, nakuhesabia. Hapa hapakuwa na gauni lisilo na mtu wake. Alianza na mtu. Alimtazama anavyokaa, anavyoshika mkoba, anavyoficha tumbo. Kisha ndipo akashika mkasi. Wewe unaanza na duka."

Tanguy akavuta kiti karibu.

"Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa posta kule Brest," akasema. "Alikuwa akikata picha za magauni ya Teillac magazetini, anazibandika jikoni juu ya sinki. Miaka ishirini aliosha vyombo akiyatazama. Amekufa hajagusa hata kifungo. Huo ndio urithi unaoutetea?"

"Mama yako ningemshonea."

"Kwa shilingi ngapi?" Nayasema kwa maneno yetu, yeye alisema kwa yao. "Gauni moja la hapa ni mshahara wake wa miaka mitatu. Mnasema hakuna gauni bila mtu. Sawa. Lakini watu wenyewe walikuwa wake wa mabenki na mabinti wa mafuta. Hao ndio watu? Wengine ni nini?"

Huguette akaipangusa aproni yake kwa viganja.

"Na wewe mwenyewe, Madamu," akaendelea yule kijana, si kwa ubaya, nadhani kwa udadisi tu, "umewahi kuvaa gauni moja la nyumba hii?"

Kutoka kiti chake mpaka kiwiliwili kile zilikuwa hatua tatu. Naliona gauni, namwona yeye, naliona bega na bega. Ulimi wangu ulikauka kama wa mfungaji saa kumi na moja ya jioni.

"Mimi ni fundi," akajibu Huguette. "Fundi anavaa aproni. Tusizungumze habari zangu, tuzungumze habari za hilo bega."

"Bega lina nini? Bega ndiyo siri yenyewe! Magazeti yote yameandika. Bega linaloanguka. Mzee anaaga dunia, anasema uzuri umechoka, unainama..."

"Ameandika nani upuuzi huo?"

"Profesa mmoja."

"Profesa ameshawahi kupachika mkono wa nguo?" Akasimama, akakiendea kiwiliwili, akalishika bega kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika jeraha la mwenziwe. "Sikiliza. Nimefanya kazi na yule mtu miaka arobaini na tisa. Hakuwahi kukata bega lililoanguka. Hata mteja akiwa na kibyongo, gauni lilitoka limenyooka. Hili si siri, si falsafa. Huu ni mkono wa mgonjwa. Mkono ulimtetemeka, chaki ikateleza, naye macho yalikuwa yamekwisha, hakuona hata kwamba pamba ya kiwiliwili imelala. Kila siku kwa miezi saba napita hapa naliona kosa hili, naona aibu kama kwamba nimemkuta amekaa uchi. Na wewe unataka kulitia dirishani Tokyo na New York, dunia nzima itazame jinsi alivyokuwa akitetemeka! Kama ni lazima uuze, uza. Siwezi kukuzuia. Lakini usiuze ugonjwa wake."

Machozi yalikuwa yamemjaa, naye hakuyafuta.

Tanguy alitazama simu yake. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona haya, kwamba kwa kweli hata kiwanda kilikuwa kimelalamika. Walishona sampuli kumi, wanawake kumi wakajaribu, mkono wa kushoto ukawateleza wote.

"Basi umeshinda, Madamu," akasema. "Linyoosheni. Kesho saa kumi tarishi anakuja kulichukua."

"Nitalinyoosha mwenyewe. Asiliguse mtu."

Aliponitazama, uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi. Alikuwa ameokoa kitu cha mtu wake. Nami nikaitikia kwa kichwa. Naam, niliitikia kwa kichwa.

Siku ile niliporudi nyumbani sikula. Asubuhi yake, Ijumaa, nilikata koti moja la mteja, nikakosea mara mbili, Huguette akanitania, "Soili, umezeeka, nenda ukasali labda mkasi utanolewa." Nikaenda. Nilipokuwa katika sijida ya mwisho, paji la uso juu ya zulia, jambo lilinidhihirikia kwa namna rahisi mno hata nikaona haya mbele ya Mola wangu. Marehemu hakuniwekesha ukimya. Aliniwekesha furaha ya mwanamke yule. Nami nimelilinda sanduku kwa miezi saba, nikakiacha kilichomo kiende. Nilitoa salamu, sikungoja sunna, sikuwapa watu mkono. Treni ya chini ya ardhi ilisimama mahali fulani katikati ya njia bila sababu, nasi tukakaa gizani dakika kumi na mbili, na kila dakika nilikuwa nikiomba.

Nilipofika ghorofa ya tano ilikuwa saa tisa na nusu. Karakana ilikuwa tupu; wasichana wamepewa ruhusa. Huguette alikuwa amesimama kando ya meza, subana bado iko kidoleni, na gauni limelala mbele yake limepigwa pasi.

"Soili! Njoo uone. Nimemnyooshea mzee wetu bega lake."

"Umefumua?"

"Nimefumua, nimepandisha, nimekata ziada, nimeshona upya. Mshono kwa mshono, kama wake. Sasa hakuna atakayesema mkono ulimtetemeka." Akacheka. "Mbona umepauka hivyo? Imamu kawatisha na moto leo?"

Pembeni ya mkasi vilikuwapo vipande viwili vya marekani, vyembamba, vyenye urefu wa kidole, vimepinda kama mwezi mchanga. Nilivichukua nikaviweka kiganjani.

"Huguette," nikasema, "kiwiliwili kile nilikijaza mimi."

"Najua. Nani mwingine anajaza?"

"Aliniambia bega la kushoto nilishushe vidole viwili. Kabla hajakata chochote. Mkono wake haukuteleza."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu. Kisha, polepole, mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukapita kifuani, ukatua juu ya bega lake la kushoto, ukabaki pale.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

"Alinipima lini?"

"Hakukupima. Alikuwa akikutazama."

Alikaa chini kwenye kile kigoda cha kupigia magoti wakati wa kupima pindo.

"Alisema ni la nini?"

"Hakusema. Aliniambia usijue mpaka amalize. Nadhani alitaka kukupa Siku ya Mtakatifu Katerina."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Jana ulikaa pale, ukanisikiliza naliita ugonjwa, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Wafaransa wana matusi mazuri ya karakana, naye aliyajua yote. Alishawahi kumtukana mwuza vifungo mpaka mtu wa watu akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Hakunitukana. Alivua aproni, akaikunja, akalivaa gauni juu ya blauzi yake, pale pale, akageukia kioo kikubwa.

Kiuno kilikuwa chake. Mgongo ulikuwa wake. Kitambaa kililala juu ya ule mpindo wa shingo kwa upole, kama kilichokwisha kusamehe. Mkono wa kulia ulikuwa wake. Lakini kushoto, pale aliponyoosha, kitambaa kilisimama juu bila nyama chini yake, na kutoka shingoni mpaka kwapani ukakatiza mkunjo mmoja mrefu. Alijaribu kuinua bega liujaze mshono. Likapanda kidogo, likatetemeka, likashuka. Akajaribu tena.

"Pamba," nikasema. "Tutie pamba ndani."

"Yeye hakutia pamba."

"Basi tumwambie Tanguy. Tumweleze yote. Si mtu mbaya yule."

"Nimwambie nini? Kwamba nililetewa gauni nikalikata?"

Mlango ukafunguliwa. Tanguy aliingia, na nyuma yake tarishi mwenye kofia ya pikipiki mkononi. Akamwona Huguette mbele ya kioo, uso wake ukachangamka kwa furaha ya kweli.

"Madamu! Umelivaa! Si nilikwambia?" Akamzunguka, akatazama huku na huku, asiuone ule mkunjo. "Tazama, hata wewe limekukaa. Saizi ya tatu, barabara kabisa."

Huguette akamtazama kwenye kioo.

"Saizi ya tatu," akasema.

Akalivua. Akalitandika juu ya karatasi laini, akakunja mikono ya gauni kifuani kama tulivyozoea kukunja, akafunga karatasi, akamkabidhi yule tarishi kwa mikono miwili. Tarishi akamwambia asante, mama. Tulisikia pikipiki mpaka ilipokata kona.

Karakana ilifungwa mwisho wa mwezi. Viwiliwili vilishushwa uani vikapakiwa kwenye lori la takataka, matajiri waliokufa na walio hai wamelala pamoja, na nilipoomba kile kisicho na jina, msimamizi wa lori alisema, "Chukua, mzee, chukua hata kumi." Nilikwenda nacho kwa treni nimekikumbatia, na vijana wa Belleville wakanipigia kelele, "Mzee, kichwa cha mkeo umekiacha wapi?" Nilikipandisha mpaka kwa Huguette, ghorofa ya nne. Alikipokea, akakiweka kando ya dirisha, akakigeuza kifua ukutani.

Lile gauni lilitoka Oktoba. Niliwaona wasichana wamelivaa, wa ofisini, wauza maua, mmoja mweusi kama mjukuu wangu, akijitazama kwenye kioo cha duka la mikate na kujipenda. Sikuweza kumchukia. Alipendeza. Yule kijana alisema kweli kuhusu mama yake, na Huguette alisema kweli kuhusu mwenye nguo, na kweli hizo mbili zilipishana juu ya kitambaa kimoja nikiwa nimekaa kati, nimefumba mdomo.

Siku ya Mtakatifu Katerina nilimpelekea Huguette keki ya tufaha. Nilikuwa nikimtembelea kila juma. Alinipa kahawa, tulizungumza bei ya umeme, magoti, wasichana wetu wamepata kazi wapi. Gauni hatukulitaja. Siku ile nilikuta mlango wazi. Kiwiliwili kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama chumbani. Juu ya bega la kushoto alikuwa amebandika kwa pini vile vipande viwili vyembamba, ambavyo sikujua kwamba alivichukua kiganjani mwangu siku ile, na kutoka hapo ametandaza marekani mapya, mita nne au tano, yakaburuzika sakafuni. Pini zilikuwa mdomoni mwake.

"Nakaribia kulirudisha," akasema kwa meno. "Bega nimelipata. Huu ndio urefu wake, huu ndio mzingo. Sasa nashuka kifuani."

Nilikaa. Alishika kitambaa, akakivuta, akakiachia, akakizungusha kiunoni, akasimama mbali akakitazama. Akatoa pini zote. Akaanza upya. Kahawa iliyokuwa jikoni ilipoa. Mara ya nne mikono yake ikasimama hewani.

"Kifuani palikuwa na nini, Soili?"

"Mimi nilijaza tu pamba. Gauni sikulitazama sana, nilikuwa naliogopa."

"Mshono wa mbele ulipita wapi? Ulikatikia kiunoni au ulishuka? Nyuma vifungo au kamba?"

"Hayo ya madukani..."

"Ya madukani wamebadilisha kila kitu. Wameondoa nusu ya mishono ili yashonwe kwa haraka. Lile lake wamelifumua kiwandani, na magazeti yalipiga picha ya bega tu." Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kishikizo chake. "Miezi saba. Kila siku napita mbele yake, asubuhi na jioni. Kama kuna mtu angepaswa kulijua kwa moyo ni mimi. Na sikumbuki. Nilikuwa nikitazama lile kosa tu."

Aliketi kitandani. Kutoka dirishani zilisikika sauti za wasichana chini mtaani, wametoka karakana fulani ambayo bado ipo, wakimwimbia mwenzao na kumcheka.

Nilisimama, nikauokota ule mwisho wa kitambaa sakafuni usichafuke, nikaushika juu kwa mikono miwili. Sikujua niupeleke wapi.